Samaki wa Bahari na Chumvi ya Ng'ombe

Kuna watu huokoka kanisani, wengine kwenye mikutano ya injili uwanjani. Mimi niliokokea kwa daktari wa meno. Jino la nyuma lilikuwa limeninyima usingizi siku tatu, shavu limefura, nimekaa kwenye kiti cha plastiki pale mjini Nakuru nikingoja kuitwa. Mbele yangu palikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe. Huyo samaki alikuja kwenye kioo akanitazama. Nikamtazama. Alikuwa anapiga mapezi haraka haraka na haendi popote, na kwa sababu nisiyoijua mpaka leo, jino likanyamaza. Nilipoitwa nilimwambia daktari angoje kidogo.

Nilikuwa nimestaafu miezi michache tu. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza Olkaria, kwenye mitambo ya stima, nikichomelea mabomba ya mvuke, na mtu aliyezoea kelele ya mvuke miaka mingi, ukimweka kwenye nyumba kimya, ataanza kuzungumza na friji. Watoto walishaondoka. Mke wangu alikuwa bado anafundisha shule ya msingi, anatoka asubuhi anarudi jioni. Nilikuwa nasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo vya watu nisiowajua, na wengine nikawasikitikia kweli. Siku hiyo nilitoka kwa daktari na shimo mdomoni na jambo moja tu kichwani.

Daktari alinielekeza kwa mzee aliyemtunzia lile tangi. Duka lake lilikuwa nyuma ya maduka ya saruji na mabati, chumba kimoja chenye joto, pampu zikinguruma kila upande. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, amenizidi miaka michache, amevaa sweta ya kijani ambayo mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko. Kwa muda wote niliomjua dukani, sikuwahi kuuona mkono huo ukiwa mkavu.

"Nataka samaki kama yule wa daktari," nikamwambia.

"Una maji?"

"Maji yako. Ya mfereji, na ya kisima pia."

"Basi huna maji," akasema. "Nenda ukinge ya mvua, uje tuzungumze. Samaki ni mambo ya mwisho."

Nilidhani ananichezea. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi. Maji ya kisima aliyakataa kabisa, alisema maji yanayotuchora meno kahawia hayawezi kumfaa kiumbe wa bahari. Nikakinga ya mvua kwenye mabati. Akaniuzia ndoo ya chumvi ya bahari, nikachanganya, nikapima. Akaniuzia tangi, pampu, hita, kisha mawe yaliyotoka baharini, ambayo aliyaita mawe hai. Nilipoyafikisha nyumbani mke wangu aliyatazama sana.

"Umenunua mawe?" akauliza. "Na Menengai iko pale, imejaa mawe?"

Nikamweleza kwamba haya ni mawe hai. Akasema kama ni hai basi yaoshe vyombo. Halafu yule mzee akanipa hukumu nyingine: ningoje wiki sita, tangi likae na maji na mawe peke yake, mpaka maji yakomae. Wiki sita. Nilikuwa nimewahi kuona visima vya mvuke vikichimbwa kwa muda unaokaribia huo.

Sasa, mtaani kwetu mtu akinunua kitu kikubwa, majirani huja kukiona na kukiombea. Ukinunua gari wanaliombea, ukinunua ng'ombe wanamwombea. Habari ya tangi ilisambaa, na Jumapili moja alasiri jumuiya yetu ya kanisa ikajaa sebuleni. Wakanywa chai, wakala maandazi, wakatazama maji na mawe kwa heshima kubwa. Mama mmoja akainama, akazunguka upande wa pili, akarudi.

"Samaki wamejificha?" akauliza.

"Hawajakuja."

"Wako wapi?"

"Mombasa."

Akakubali kwa kichwa, akaketi. Mwenyekiti wa jumuiya akasimama, akaomba kwamba Bwana ayabariki maji haya, na mawe haya, na hao walio Mombasa awalinde safarini. Sote tukasema amina. Mke wangu alisema amina akiwa amejifunika uso kwa leso, na mabega yakimtetemeka, na hakuwa analia.

Samaki alikuja wiki ya saba. Baada yake akaja kamba, si ya kufungia mbuzi, ni yule kiumbe wa baharini mwenye masharubu marefu, na konokono wawili, na kipande cha matumbawe kilichokuwa kinachanua kama kiganja. Lakini samaki ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Asubuhi nilipoingia sebuleni na kikombe cha chai alitoka nyuma ya mawe, akaja mpaka kwenye kioo na kunisubiri. Nikienda kushoto, anaenda kushoto. Nikirudi kulia, anarudi. Nilimpenda, na nasema wazi, maana wanaume wa umri wangu wanaruhusiwa kupenda ng'ombe na gari peke yake. Ndani ya nyumba ile kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, ni yeye tu aliyejua kwamba nimeingia.

Jumamosi ilikuwa siku ya duka. Sisi wenye matangi, na hatukuwa wengi, tulienda na maji yetu kwenye chupa za soda. Mzee alikuwa na benchi moja refu, tunakaa kwa foleni kama kliniki, anachukua maji ya kila mmoja, anatia matone ya dawa, anatikisa, anayainua kwenye mwanga kuangalia rangi. Kisha anakugombeza. Kupima hakukuwa na bei. Kugombezwa pia kulikuwa bure.

"Unamlisha kupita kiasi, mzee wa stima," aliniambia karibu kila wiki. "Huyu si ng'ombe."

Bei zikaanza kupanda. Chumvi ikapanda, halafu ikapanda tena kabla hatujazoea ile ya kwanza. Nilikuwa nikimuuliza mzee sababu, ananijibu kwa neno moja. Dola. Wiki nyingine: meli. Wiki nyingine: ushuru. Stima nayo ikapanda, na hapo ndipo nilipokasirika kwa haki. Hita na pampu zilimeza tokeni mchana na usiku, na baridi ya Julai ya Nakuru haina adabu. Mimi, niliyechomelea mabomba ya mvuke unaozalisha hiyo stima, nilikuwa nasimama sebuleni nikiangalia mita ikihesabu, na kuitukana kwa jina la kila msimamizi niliyewahi kufanya kazi chini yake.

Nikaingia mtandaoni. Hakuna aliyenidanganya, niliingia na miguu yangu. Niligundua kwamba pampu ile ile ya mzee, ya kampuni ile ile, rangi ile ile, kwenye simu ilikuwa nafuu karibu nusu. Nikaanza kuzipiga picha bidhaa za mzee, upande wenye maandishi, nikijifanya macho yamechoka nataka kusoma vizuri. Halafu nakaa kwenye benchi lake, nikingoja maji yangu yapimwe bure, na hapo hapo naagiza kwenye simu. Sikuona aibu. Niliona mimi ni mjanja, na wengine kwenye benchi wakaniomba niwaonyeshe, nikawaonyesha.

Shida ikawa anwani. Mtaani kwetu nyumba hazina namba. Watu wa kuleta mizigo walinipigia simu wakiwa wamepotea, namwambia kata kona penye mti ulioanguka, ananiambia mti huo umeshaondolewa. Fomu ya kwenye simu ilitaka mahali panapojulikana. Nikafikiri, nikaandika: duka la samaki, nyuma ya maduka ya saruji. Kila mtu alilijua.

Nisome tena hayo niliyoandika. Nilinunua kwa mtu mwingine kitu ambacho mzee anauza, na nikamfanya mzee akipokee. Alitia sahihi. Alinipigia simu kwa salio lake kunijulisha kwamba mzigo wangu umefika. Na wale wenzangu wa benchi, kwa vile ni mimi mwalimu wao, nao wakaandika anwani hiyo hiyo. Baada ya miezi michache rafu moja nzima ya duka ilikuwa ni maboksi yetu, yamepangwa vizuri, kila moja limeandikwa kwa kalamu ya wino jina la mwenyewe. Baadaye rafu ikawa mbili. Bidhaa zake zilipungua na mizigo yetu ikaongezeka, mpaka mgeni akiingia angedhani ni posta yenye samaki.

Hakulalamika. Siku moja tu, akinikabidhi boksi, alilipima kwa mkono akasema, "Hii ni pampu. Ile ndogo. Haitatosha tangi lako." Na kweli haikutosha. Niliirudisha, ikaletwa nyingine, akatia sahihi.

Jumamosi moja tulifika na chupa zetu tukakuta mlango umefungwa. Benchi lilikuwa nje. Juu ya mlango palikuwa na karatasi, mwandiko wake ule wa kwenye maboksi: DUKA LIMEFUNGWA. MIZIGO YENU IKO KWA MAMA WA DUKA LA SIMU, HAPO KANDO. Tulisimama na chupa mikononi. Mmoja wetu akauliza, sasa maji tutapima wapi? Tukaingia duka la simu kuchukua mizigo.

Usidhani hayo yaliniamsha. Nilisema moyoni biashara ni biashara, na kwa simu kuna kila kitu. Lakini duka lilipofungwa, chumvi ya mtandaoni ikapanda hadi ikaipita bei ya mzee ile niliyokuwa naikimbia, na juu yake usafiri. Nikaagiza ya bei ya chini kutoka mbali, pamoja na vile vifaa vya kupimia maji. Simu ikaniambia iko njiani. Wiki ya pili iko njiani. Wiki ya tano iko njiani. Maji ya tangi yalikuwa yanahitaji kubadilishwa na mimi sina chumvi hata ya kijiko. Ndipo nikaona madoa meupe kwenye mwili wa samaki, madogo kama chembe za unga. Alijisugua kwenye mawe. Asubuhi nilipoingia na chai hakuja kwenye kioo.

Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, ni mkulima wa Molo. Ana viazi, ana ng'ombe wa maziwa, na ana lori la kupeleka viazi Nairobi, na kila akipita huteremsha gunia moja kwa dada yake. Siku hiyo alinikuta nimepiga magoti mbele ya tangi.

"Hii samaki yako imekosa madini," akasema baada ya kumwangalia.

"Wewe unajua nini kuhusu samaki wa bahari?"

"Mnyama ni mnyama. Anajikwaruza, amekosa hamu, manyoya hayang'ai."

"Hana manyoya."

"Ndiyo ujue hali ni mbaya."

Akaenda kwenye lori akarudi na mfuko wa chumvi ya ng'ombe, ule wa kilo mbili wa agrovet, duka la dawa za mifugo. Akanisomea nyuma ya mfuko, pole pole, akiweka kidole: sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, fosforasi, ayodini, kobalti, shaba, zinki. Mimi nikaenda kuleta ile ndoo tupu ya chumvi ya bahari, nikasoma yangu. Sodiamu. Kalsiamu. Magnesiamu. Tukasoma kwa zamu, mstari kwa mstari, kama masomo ya Jumapili, na kila neno lilipolingana shemeji alinitazama na kuinua nyusi.

"Kwa nini ya ng'ombe ni bei ndogo hivi?" nikauliza.

"Kwa sababu ng'ombe hana simu."

Akaramba kidogo kutoka kiganjani, anavyofanya kila mfugaji wa Molo kabla ya kuiamini chumvi. Akanipa nami nikaramba. Akasema, "Hii ni bahari kamili, imekosa maji tu." Ningekuwa na mtu wa kuuliza, ningeuliza. Ningeenda na chupa yangu ya soda, nigombezwe, yaishe. Lakini benchi lilikuwa nje na mlango umefungwa, na aliyeufunga nilimjua. Tulikoroga mfuko mzima kwenye ndoo, tukaacha itulie, tukamimina.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea, na nilimpigia shemeji kumshukuru. Siku ya pili kamba alilala chali, masharubu yameanguka. Konokono wakabanduka kwenye kioo, mmoja asubuhi, mmoja mchana. Matumbawe yakajikunja yakawa uteute. Maji yakawa na rangi ya chai ya rangi. Samaki peke yake ndiye aliyebaki, amekaa chini kwenye kona, anahema kwa nguvu. Nikaketi sakafuni kando yake. Sikuwa nimelia tangu mazishi ya mama yangu, na sikulia siku hiyo pia, lakini mke wangu aliporudi shuleni alinikuta pale pale, akavua viatu akaketi na mimi.

"Yule mzee wako wa duka," akasema, "mwalimu mwenzangu alimwona Kikopey, njia ya Nairobi. Anachoma nyama."

Nilidhani ni utani. Hakuwa anatania. Asubuhi lori la shemeji lilikuwa linapita na viazi, nikapanda mbele na ndoo katikati ya magoti, samaki ndani yake, na kitambaa juu. Shemeji aliendesha polepole sana kwa sababu ya dhamiri. Malori mengine yalitupita yakipiga honi. Kila baada ya kilomita chache aliuliza, "Anapumua?" na mimi nilifunua kitambaa nikasema anapumua.

Kikopey kama unaijua, gari halijasimama vizuri wameshakuja vijana wa kupunga mikono, kila mmoja anakuvuta kwa butchery yake ya nyama choma. Mmoja alinipokea ndoo kwa adabu, akafunua kitambaa, akanitazama.

"Mzee, hapa hatuchomi samaki."

"Si wa kuchoma."

"Basi ni wa nini?"

"Ni mgonjwa."

Alinirudishia ndoo. Aliwaita wenzake waje waone, nikapita katikati yao, shemeji nyuma yangu, kama ninabeba sadaka, nikiuliza butchery moja baada ya nyingine kama wana mzee mwembamba aliyekuwa Nakuru. Kwenye ya nne nikamwona. Alikuwa nyuma ya kaunta amevaa koti jeupe, kisu mkononi, anakata mbavu za mbuzi, na chini ya koti niliona sweta ile ya kijani. Mkono wa kulia ulikuwa mkavu. Hapo ndipo moyo wangu uliposhuka, hapo kwenye mkono wa sweta, si wakati wowote kabla.

"Mzee wa stima," akasema. Akaona ndoo. Akaweka kisu chini, akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, akaja akainama.

"Alikuwa na madoa?"

"Meupe. Mwili mzima."

"Sasa hana. Umempa nini?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama mbuzi aliyetundikwa.

"Ya ng'ombe," nikasema.

Mzee alirudia kutazama ndoo. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika kaunta, mpaka watu waliokuwa wanangoja nyama wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Alipopata pumzi akanieleza. Chumvi ya ng'ombe ina shaba, na shaba ndiyo dawa ya yale madoa, hata yeye aliitumia, kwa tone. Lakini kila kiumbe wa bahari asiye na mifupa shaba humuua.

"Kwa hivyo ulimtibu," akasema, "na ukawamaliza majirani wake wote. Sasa anakufa kwa hayo maji yako. Lile tangi usiweke kiumbe tena. Shaba imeshaingia kwenye mawe. Panda dhania."

Akachukua ndoo akanipeleka kwenye kona, kati ya friji ya soda na sinki la wateja la kunawia mikono. Pale palikuwa na tangi dogo, lile la mwisho, alilokataa kuuza. Taa ilikuwa inawaka, pampu inazunguka, maji safi kabisa. Ndani palikuwa na mawe tu.

"Samaki wako wapi?" nikauliza.

"Wateja huniuliza hivyo kila siku. Nawaambia hawajakuja."

Alianza kumzoesha samaki maji, kikombe kimoja, anangoja, kikombe kingine. Mkono wa sweta uliingia majini hadi kwenye kiwiko. Nilitaka kuomba msamaha, nikamuuliza upuuzi, kama biashara ya nyama haijaingiliwa na mtandao. Akasema bado. Hakuna anayenunua mbuzi kwa picha, akasema, lazima aje amwone, amshike mguu.

Simu yangu ikalia. Ni mtu wa kuleta mzigo. "Bosi, niko na chumvi yako na vitu vya kupima maji. Niko hapa kwa duka la samaki lakini naona ni saluni."

Mzee, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alinyoosha mkono uliolowa akaichukua simu.

"Mwachie mama wa duka la simu, hapo kando," akamwambia. "Sema ni mimi nimesema. Atakutilia sahihi." Akanirudishia simu ikiwa inadondosha maji. "Asante ya punda," akasema, na hakuimalizia, na alikuwa anatabasamu. Nilisema, "Nisamehe, mzee." Akasema nishike kikombe, nisimwage.

Samaki alipona. Hakuweza kurudi kwangu, maana lile tangi lilishakuwa sumu, na bei ya jipya, na mawe mapya, na chumvi mpya, nilijumlisha mara moja nikafunga kitabu. Mke wangu amepanda dhania humo na inastawi, jumuiya ilikuja wakaiona na wakaiombea. Mimi kila Jumapili baada ya kanisa naenda Kikopey na ndoo ya chumvi ikihitajika, na naipeleka bila kuombwa.

Mara ya mwisho nilipofika nilikaa meza iliyo karibu na kona. Nikaagiza nusu kilo. Bei ilikuwa imepanda tangu wiki iliyopita, mzee akaitaja, na simu ikabaki mfukoni. Nikageukia tangi. Samaki alikuwa amenona, rangi imerudi, mikanda inang'aa. Alikuwa upande wa pili, ule unaotazama kaunta. Mzee akienda kushoto kuchukua kisu, anaenda kushoto. Mzee akirudi kwenye gogo la kukatia nyama, anarudi.

Niligonga kioo kwa kidole. Akageuka kidogo, akanitazama kwa jicho moja, kisha akarudi kumtazama mzee akikata mbavu. Nilimaliza nyama yangu nikiangalia mgongo wa yule samaki. Watu walikuwa wamesimama mlangoni wakitafuta mahali pa kukaa, na lile benchi la zamani la Nakuru nililikalia bure. Nikaagiza robo kilo nyingine, ili nisiambiwe meza inahitajika.